Kikombe cha Kumi

Ukitaka kujua wanasiasa wangapi wamefika kikaoni, usiwahesabu wao. Hesabu vikombe. Hiyo ndiyo iliyokuwa kanuni ya Jecinta, na kwa miaka miwili aliyokuwa katibu wa Muungano wa Mkono Mmoja hakuivunja hata siku moja. Kila Alhamisi saa tatu asubuhi alipanga mezani vikombe tisa vya bati, waheshimiwa wakaingia mmoja mmoja, kila mtu akachukua chake. Meza ikibaki tupu, aliandika kwenye daftari lake kwamba wote wamefika. Vikibaki viwili, wawili hawapo. Kidole chake hakikumwelekea binadamu.

Walimcheka, wacha nikwambie. Watu wa siasa hucheka kila kitu isipokuwa wao wenyewe. "Mama Kimani," Mheshimiwa Masinde alizoea kumwambia, "sasa mimi nikinywa vikombe viwili tutakuwa kumi?" Naye Jecinta humjibu bila kuinua macho, "Ukinywa viwili utakuwa mlafi, Mheshimiwa. Hesabu itabaki palepale." Chumba kizima kinaangua kicheko, Masinde mwenyewe akiwa wa kwanza.

Muungano huo ulikuwa wa vyama tisa vidogo, vidogo kwelikweli, kila kimoja na mwakilishi wadi mmoja tu katika bunge la kaunti. Akiwa peke yake, mtu kama huyo kazi yake ni kupiga makofi na kula sambusa. Lakini vyama viwili vikubwa vilikuwa vimelingana nguvu bungeni, na upande ambao hawa tisa waliuegemea ndio ulioshinda. Basi wakatia sahihi mkataba, na tangu siku hiyo hata gavana akawa anapokea simu zao kabla hazijalia mara tatu. Walikutana Kiamaiko, ghorofa ya kwanza, juu ya mazizi ya mbuzi, kwa sababu kodi ilikuwa nafuu na kwa sababu hakuna mwandishi wa habari ambaye angeistahimili ile harufu.

Kiongozi wao tangu mwanzo alikuwa huyo Masinde, pande la mtu, mzaliwa wa Bungoma, aliyekuwa fundi wa mabomba kabla siasa haijamwita. Kiongozi wa muungano ndiye huketi na wakubwa na kusema, sisi tunaegemea hapa. Wengine huambiwa baadaye. Mwaka huu kiti hicho kilikuwa kinasakwa na Kimani wa Komarock, kijana wa miaka thelathini na minne, ulimi mtamu, viatu vilivyochongoka. Na Kimani alikuwa mtoto wa Jecinta, wa pekee, aliyemlea kwa kuuza nguo Gikomba tangu mumewe alipofariki. Kama kuna kitu duniani ambacho Jecinta angekipigania kwa meno, ni huyo.

Mambo yalianza na video.

Ilikuwa Alhamisi ya kwanza ya mwezi, na wote walikuwa wamefika. Kimani akainuka, akatoa simu, akaigeuza kuelekea chumba. "Niaje watu wangu wa Komarock. Leo tumejaa, hakuna aliyebaki nyumbani. Angalieni wenyewe." Kisha, kabla mama yake hajaitambua nia yake, akanyoosha kidole na kuanza kuwahesabu watu kama mbuzi wa sokoni. Moja, mbili, tatu. Jecinta alikuwa ameshika birika. Nne, tano, sita. Alitaka kusema acha, kidole kikamtangulia. Saba, nane.

"Nane?" Kimani akashangaa. "Nani amepotea?"

Alikuwa amejisahau mwenyewe. Wenzake walishaona, Marion wa wadi ya jirani alikuwa ameziba mdomo kwa leso asicheke kabla ya wakati. Lakini Kimani aligeukia mlangoni, uso ukamkunjuka. "Ah, huyo hapo anaingia. Tisa." Akazima simu.

Kila mtu akageuka. Mlango ulikuwa wazi na hapakuwa na mtu.

"Tisa ni nani?" Marion akauliza.

"Si kuna katoto kamesimama hapo? Kasichana. Kamevaa sweta nyekundu." Kimani akaenda mlangoni, akachungulia ngazi. "Kameshuka. Ni ka watu wa mbuzi tu."

Wakacheka, wakamwambia amejisahau, naye akacheka zaidi yao wote. Hakuna aliyeona kwamba chai ilikuwa inamwagika mezani, inachuruzika sakafuni, na Jecinta bado ameinamisha birika akitazama mlango.

Hapa lazima nirudi nyuma, maana bila hili hutamwelewa mama huyu, utamwona mshirikina tu kama walivyomwona wao.

Jecinta alizaliwa mtaa wa Bahati, katika nyumba ya chumba kimoja, watoto kumi. Mama yake hakuwahi kuitaja hiyo kumi. Akiulizwa ana watoto wangapi, alijibu kama walivyojibu wazee wa kwao Murang'a, kenda muiyuru, yaani tisa iliyojaa, kwa sababu watu hawahesabiwi mpaka mwisho. Huwezi kujua nani anasikiliza. Basi mwaka wa sabini na moja, Jecinta akiwa na miaka minane, mwalimu aliwaagiza watoto warudi Januari kila mmoja akijua idadi ya watu wa kwao. Siku ya Krismasi mpiga picha akaja mtaani. Mama alikuwa amefuma sweta, zote nyekundu kwa sababu uzi mwekundu ndio uliopatikana kwa wingi, akawavika na kuwapanga ukutani. Jecinta akaona ndiyo nafasi yake. Akajitokeza mbele, akanyoosha kidole. Alianza na yeye mwenyewe, kwa maana hakuwa mjinga, kisha kaka, kisha dada, mpaka akafika tisa. Akaridhika. Tisa ndiyo namba iliyosemwa nyumbani siku zote.

Kumbe Wanja, kitindamimba, wa miaka minne, alikuwa amechuchumaa nyuma ya wenzake anahangaika na kifungo cha kiatu. Akainuka. "Na mimi?" akauliza.

"Nimeshamaliza," Jecinta akamwambia. "Tuko tisa. Simama vizuri."

Januari ukambi ukapita Bahati. Uliingia milango mingi, na katika nyumba yao uliwalaza wote, ukawarudisha wote isipokuwa mmoja. Mama aliposikia habari ya kuhesabiana hakumchapa. Alisema tu, "Watu hawahesabiwi, Jecinta," na hakulitaja tena. Lakini tangu siku hiyo akiulizwa ana watoto wangapi alisema tisa, bila kuongeza neno. Jecinta alilibeba hilo miaka hamsini na zaidi, hakumwambia mume, hakumwambia padri. Aliamini kidole chake ndicho kilichoyaita mauti, akakifunga.

Na sasa mtoto wake amenyoosha chake.

Alhamisi iliyofuata alipanga vikombe tisa kama kawaida. Waheshimiwa wakaingia wakiongea kuhusu barabara na mitaro, kila mtu akachukua chake. Meza ikawa tupu. Jecinta alishaanza kuandika "wote" aliposikia, "Mathe, na changu?"

Kimani alikuwa amesimama mikono mitupu.

Jecinta alitazama mikono ya watu, si watu. Vikombe vinane. Cha tisa alikiona baadaye, baada ya kumtolea mwanawe kikombe kingine kabatini: kilikuwa chini, kwenye pembe ya chumba, mahali ambapo mtu mzima hawezi kuketi. Kilikuwa kimenywewa nusu. Sukari ilikuwa imejaa kitakoni, vijiko vitano au sita, kama anavyojiwekea mtu asiyezuiwa na mtu. Alikiosha, akajiambia kwamba ni Marion, Marion hupenda sukari. Marion ana kisukari.

Wiki hiyo Kimani alikuwa akisimulia vituko kama vichekesho. Jumanne karani wa bunge la kaunti alisoma majina ya wajumbe wote akaliruka lake. Ikabidi ainue mkono kama mtoto wa shule. Getini kwake Komarock mlinzi aliliangalia gari, akaangalia kulia na kushoto, hakufungua mpaka alipopigiwa honi mara nne. "Yaani mimi ni upepo siku hizi," Kimani akasema, na watu wakacheka. Jecinta hakucheka nao. Mwanawe alimwona, akamkonyeza.

Alhamisi ya tatu ndiyo iliyokuwa ya uchaguzi. Kura ya muungano ilikuwa ya maharagwe, utaratibu wa Jecinta mwenyewe na hakuna aliyewahi kuulalamikia. Kila mjumbe alipewa punje moja ya maharagwe mekundu kutoka kwenye kopo, akapita nyuma ya pazia, akaiangusha katika mojawapo ya mikebe miwili, wa Masinde au wa Kimani. Maharagwe yanahesabika. Maharagwe hayana mama.

Alimwaga mkebe wa Masinde mezani: punje nne. Akamwaga wa Kimani: tano. Jumla tisa, hesabu safi, na Kimani ameshinda. Makofi yalikuwa yameanza Masinde alipoinua mkono wake mpana.

"Ngojeni. Hiyo ni nini?"

Kati ya zile tano, nne zilikuwa nyekundu. Ya tano ilikuwa nyeusi, yenye ule mdomo mweupe kando. Njahi.

"Mimi nilipewa nyekundu," Masinde akasema. "Sote tulipewa nyekundu. Njahi imetoka wapi, Mama Kimani? Kwetu Bungoma hatuli hiyo."

"Mimi niliangusha nyekundu," Kimani akasema haraka. "Naapa." Basi hiyo nyekundu ilikuwa wapi? Walipekua mikebe, pazia, sakafu. Hawakuiona. Jecinta aliishika ile njahi kiganjani. Ilikuwa kavu, imekunjamana, imezeeka. Krismasi ile mama yake alikuwa ameketi kizingitini akichambua njahi kwenye ungo, na Wanja alikuwa na tabia ya kuiba moja moja na kuzitia mfuko wa sweta.

Masinde hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Alisema anamheshimu katibu, lakini punje ya kigeni katika mkebe wa mtoto wake ni jambo ambalo hata shetani angelionea aibu. Kura irudiwe Alhamisi ijayo, kwa mlolongo, watu wasimame nyuma ya wanayemtaka, waonekane. Wazee wawili kati yao waliguna, wakikumbuka mlolongo wa mwaka wa themanini na nane, wakati mstari mfupi ulipotangazwa kuwa mrefu mchana kweupe. Ndipo Kimani, kwa hasira ya kumtetea mama yake, akatoa neno lililomfunga.

"Sawa. Mlolongo. Na mathe ahesabu mwenyewe, kwa kidole, mtu kwa mtu, mbele ya kila mtu. Ndio mjue yeye ni msafi."

Wote wakakubali. Ikaandikwa, na mwandishi alikuwa Jecinta.

Jumapili alikwenda Komarock baada ya misa kumsihi mwanawe aondoe jina lake. Sally, mkwe wake, alikuwa amepika chapati na nyama ya mbuzi. Akaleta sahani: ya mama, ya watoto wawili, yake. Akaketi, akafumba macho, akaombea chakula. Alipofumbua, Kimani alikuwa ameketi palepale kwenye kichwa cha meza, mbele yake hakuna kitu.

"Sally," Jecinta akasema taratibu. "Mume wako."

Sally akamtazama Kimani, na kwa kitambo kidogo, kidogo sana, macho yake hayakuwa yakiona mtu. Kisha akaruka. "Pole, Baba Jeci. Sijui nilikuwa nafikiria nini." Akakimbilia jikoni, na Jecinta akamsikia huko akilia kimyakimya bila kujua kwa nini analia.

Chakula kilipoisha Jecinta alimvuta mwanawe hadi barazani akamwambia yote, kwa mara ya kwanza katika maisha yake: ukuta, sweta, kidole, "na mimi?" Kimani alisikiliza vizuri. Alikuwa mtoto mwenye moyo.

"Mathe," akasema, "hiyo ilikuwa ukambi. Watoto walikufa mtaa mzima. Haukuwa wewe."

"Najua."

"Na karani ni mzembe, na mlinzi ni mlevi, na Sally amechoka. Usikatae kuhesabu. Ukikataa watasema uliiba, watakuita mwizi mpaka unaingia kaburini. Mimi nitashinda, wewe utakuwa msafi, tumemaliza." Akamshika mkono. Mkono wake ulikuwa baridi, mwepesi, kama glavu iliyovuliwa. Jecinta aliogopa kuuachilia.

Alhamisi ya nne mbuzi wa chini walikuwa kimya. Mzee Guyo, mwenye mazizi, alikuwa amesimama chini ya ngazi akikuna kidevu. "Tangu alfajiri hawajalia," alimwambia Jecinta. "Wameegemea ukuta ule wote. Hawataki kupita hapa ngazini." Jecinta alipanda. Hakupanga vikombe, hapakuwa na haja.

Saa tatu na nusu wakajipanga. Masinde upande wa dirisha, watu watatu nyuma yake. Kimani upande wa mlango, wanne nyuma yake, wa kwanza wao Marion. Hata mtu asiye na macho angeona nani ameshinda. Lakini katibu alipaswa kuhesabu, na kutamka, na kuandika, ndivyo walivyokubaliana.

Jecinta akanyoosha kidole. Kilikuwa kimepinda kidogo kwa baridi yabisi. Miaka hamsini na zaidi hakijafanya kazi hiyo.

"Moja," akasema, na Masinde akatabasamu. "Mbili. Tatu. Nne." Akageukia mstari wa pili.

Mbele ya mstari wa pili alisimama msichana wa miaka minne, sweta nyekundu, kifungo kimoja cha kiatu kimefunguka. Alikuwa amesimama wima, mikono imebana mapajani, kama alivyoambiwa. Simama vizuri. Alikuwa akimtazama Jecinta kwa subira ya kutisha, jinsi mtoto anavyomtazama mtu aliyemuahidi kitu.

Kidole kilikwenda chenyewe. "Tano," Jecinta akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto mdogo. Uso wa Wanja ukakunjuka wote.

"Sita," Marion. "Saba. Nane. Tisa."

"Tisa," chumba kikaitikia. "Tano kwa nne." Hesabu ilikuwa imetimia, wala hapakuwa na wa kuilalamikia. Masinde mwenyewe akapiga makofi, kiungwana, akavuka chumba mkono ukiwa mbele kumpongeza mshindi. Akafika mbele ya mstari wa pili akasimama. Akatazama huku na huku.

"Yuko wapi?"

"Alikuwa hapa sasa hivi," Marion akasema. Alikuwa anatazama moja kwa moja mgongo wa Kimani, hatua moja mbele yake. "Ametoka? Kimani ametoka?" Mmoja akachungulia ngazini. Mwingine akapiga simu, na simu ikalia mfukoni mwa Kimani, na hakuna aliyegeuka.

Jecinta alimwona. Kwa shida, kama unavyoona kitu kilicho nyuma ya pazia la mvua. Alikuwa amesimama mahali pake, mdomo wazi, akiwapungia watu mikono usoni. Kisha akamgeukia mama yake. Yule mwanasiasa mwenye ulimi mtamu alikuwa ameondoka usoni pake, kilichobaki ni mtoto.

"Mathe," akasema. "Na mimi?"

Ndipo Jecinta alipoelewa. Miaka yote hiyo alikuwa amefunga kitu kisichokuwa na kosa. Kidole hakikumuua mtu. Aliyepotea ni yule ambaye kidole hakikumfikia, aliyeomba akaambiwa nimeshamaliza. Akajua pia, palepale, gharama yake. Tisa ni hesabu ya haki, na kwa tisa mwanawe ni kiongozi, naye ni katibu msafi. Akiongeza neno moja, yote mawili yamekwenda.

"Nyamazeni," akasema. "Sijamaliza."

Jecinta akanyoosha kidole juu ya kichwa cha Wanja, bila kumwondoa Wanja katika hesabu, akamwelekezea mwanawe kifuani.

"Kumi."

Marion akapiga yowe na kurudi nyuma, maana mgongo wa mtu ulikuwa umemzibia njia ghafla. Masinde aligongana na Kimani uso kwa uso, mkono wake bado uko mbele.

"Ulikuwa wapi wewe?" Masinde akafoka. Kisha neno lenyewe likamfikia. Akamgeukia Jecinta polepole. "Kumi? Mama Kimani, umesema kumi?"

"Nimesema kumi."

"Sisi ni tisa. Vyama ni tisa. Hata mbuzi wa huko chini wanajua sisi ni tisa."

"Mathe, umechanganyikiwa," Kimani akamnong'oneza, na sauti yake ilikuwa nzito, ya mtu mzima aliyeshiba. "Sema umekosea. Sema tisa. Nimeshinda, mathe, sema tisa tu."

Wanja alimtazama Jecinta, kisha akamtazama Kimani, kisha Jecinta tena.

"Sikukosea," Jecinta akasema. Akaketi, akavuta daftari, akaandika kwa kalamu, kwa mwandiko wake mzuri wa Bahati, kwamba katika kikao hiki waliohesabiwa ni watu kumi. Akaweka sahihi.

Yaliyofuata hayakuchukua muda. Katibu anayepata watu kumi kati ya tisa ama ni mwizi ama ni mwendawazimu, na kwa vyovyote kura haisimami. Baada ya njahi, nani angemtetea? Ikapitishwa kwamba Masinde abaki kitini mpaka uchaguzi mkuu, na kwamba Mama Kimani apumzike, ashukuriwe kwa utumishi wake. Masinde mwenyewe ndiye aliyemkusanyia vikombe, akavifunga kwenye gazeti asimtazame machoni. Kimani hakumsaidia. Alikuwa amesimama dirishani, shingo imejaa damu, watu wawili wakimpigapiga bega.

"Umeniangusha," alimwambia alipopita. "Mbele ya watu. Mama yangu mwenyewe." Hakukumbuka kitu kingine chochote. Alikumbuka alishinda, kisha mama yake akaropoka.

"Najua, baba," Jecinta akasema. Akainua mkono akamshika shavu. Lilikuwa moto, lina ndevu zilizoanza kuchoma, na Kimani akajitoa kwa nguvu, nguvu za kweli, mpaka kitambaa cha kichwa cha mama yake kikasogea. Jecinta alifurahi kuliko siku aliyomzaa. Atamkasirikia mwaka mzima, pengine miwili. Na akasirike. Mtu asiyekuwepo hakasiriki.

Alisimama juu ya ngazi, furushi la vikombe kwapani. Huko chini mbuzi walikuwa wameanza kulia wote kwa mpigo, na Mzee Guyo alikuwa anawatukana kwa furaha. Jecinta hakugeuka kuangalia nyuma. Alishusha tu mkono wake wa kulia, chini, akaukunjua, akangoja. Kitu kidogo, baridi, chenye vidole vinavyonata sukari, kikaingia kiganjani mwake.

Ngazi zilikuwa kumi na saba, ndefu kwa miguu mifupi. Alizishuka polepole, hatua moja, akasimama, akangoja, hatua nyingine, kwa mwendo wa mtoto wa miaka minne.